Siku ya Madawati

Getini, Kiwanda cha Unga
4 Februari

Mpwa wangu mpendwa,

Pokea salamu za mtu ambaye, pasipo yeye, mji wenu usingekuwa na sekondari ya serikali hata ya dawa. Mngekuwa na kiwanja cha kufungia mbuzi na bomba moja linalokohoa. Mimi ni mzima, goti la kushoto ndilo linalolalamika baridi ikiingia. Hapa kiwandani usalama wote uko chini yangu. Gunia halitoki wala mkurugenzi haingii mpaka mimi niinue ile nguzo ya getini. Wewe hujambo? Dada yangu, mama yenu, presha imetulia? Na Cheche, mdogo wako, bado anachomelea vyuma bila miwani kama mtu mwenye macho ya akiba?

Unasema mkuu wa shule amekupa wewe, mwalimu wa historia, kazi ya kuandika kijitabu cha majengo ya shule kwa ajili ya kufungua ghorofa mpya, na kwamba karatasi za zamani zililiwa na mchwa. Mpwa wangu, mchwa hawajanila mimi. Umesema pia ungenipigia. Simu siipendi, inakata maneno kabla sijafika penye utamu. Kaa kitako nikupe.

Jengo la kwanza lilikuwa ghala la chumvi, karibu na stesheni. Kuta zilitoa jasho. Ukikosa jibu darasani unalamba ukuta, angalau mdomo upate kazi. Mkuu wa shule wa wakati huo tulimwita Mkanda, kwa sababu alichapa watu kwa mkanda wa mashine ya kusaga, mpira mtupu wenye nyuzi ndani. Siku moja alimchapa kijana wa kidato cha tatu mpaka ngozi ya mgongo ikafunguka, halafu akamkandamiza mgongo huohuo ukutani, kwenye chumvi, akamwambia asimame hapo mpaka kengele ya kutoka. Yule kijana hakulia. Alitoa sauti kama ya mlango usiotiwa mafuta, na sauti ile ndiyo iliyoinua shule nzima. Wakamfungia Mkanda ofisini, wakamwaga mafuta ya taa mlangoni, wakawasha. Mimi, kidato cha pili, mwembamba kama spoku ya baiskeli, nikapanda juu, nikang'oa bati kwa meno, nikamvuta kwa sikio. Ndiyo maana alizikwa na sikio moja. Jingine lilibaki mkononi mwangu, nikalitunza mpaka paka akalila. Jengo likaungua hadi likabaki mawe meusi, na masomo yangu yakaishia hapo, maana darasa lenyewe lilikuwa majivu.

Jengo la pili likainuliwa kilimani, ghorofa moja, kwa mawe yaleyale ya ghala. Hapo nilikuwa msaidizi wa mwashi, ingawa mwashi mwenyewe ndiye aliyekuwa akiniuliza mimi. Kila jiwe tuliligeuza: upande uliopikwa na moto ukaangalia ndani, upande safi ukatazama watu. Hata leo ukichokoa plasta kwa msumari unatoka na masizi. Waandikie hivyo, kwamba shule yenu ilisimama ikiwa imeficha uso.

La tatu ndilo hilo mnalofundishia, Bondeni. Kuhama ndiko kulikotaka damu. Maji yalikuwa hayapandi kilimani, vyoo vikafurika, serikali ikaamua shule ishuke. Watu wa mtaa wa Juu wakakataa. Akaja afisa wa elimu, akapanda boneti la gari, akasema msigombanie kuta, shule ni madawati. Alitaka kuwapoza. Hakuwajua watu wetu. Kila mmoja akarudi kwake na neno moja kichwani: mwenye madawati ndiye mwenye shule. Kesho yake asubuhi sisi wa Bondeni tukapanda kuyachukua, na wa Juu wakatungoja ndani, kwenye ngazi za ghorofani.

Miguu ya madawati iling'olewa na misumari yake, ikaingia vichwani mwa watu. Nilimwona mtu anatembea na kipande cha dawati kimening'inia begani, msumari umezama, anauliza kofia yake iko wapi. Mwalimu wa hesabu alitafuna kidole cha mwenye duka. Gari la afisa lilipinduliwa afisa akiwa ndani. Mimi nilisimama juu ya ngazi, dawati bega hili na dawati bega lile, na kila aliyepanda nilimrudisha alikotoka. Yupo mmoja alishuka ngazi zile bila kukanyaga kipandio hata kimoja. Sisemi zaidi. Mwenye kujua anajua.

Andika vizuri jina la cheo changu.

Mjomba wako,
nguzo ya elimu


Shuleni, Bondeni
26 Februari

Shikamoo mjomba,

Natumaini goti limepoa. Sisi hatujambo. Mama presha iko sawa, anakusalimu na anasema sikio la Mkanda hakuwahi kuliona nyumbani, ila paka alimwona. Cheche amepata kazi ya kuchomelea vyuma vya kushikilia kwenye ngazi za ghorofa mpya, na miwani amenunua, anaivaa kwenye paji la uso.

Barua yako imezua mambo. Mkuu wa shule alicheka mpaka akatoa leso. Nilitaka kuichambua, nichukue ya majengo niache ya mabega, lakini yeye akasema hapana, chapa yote kama ilivyo. Nilirekebisha nukta tu. Kijitabu kimeshatoka na kinagawiwa getini, na mawe uliyosema yamewagusa watu. Wazee wa Juu walipanda kule kwenye jengo bovu wakachokoa plasta, wakarudi na vidole vyeusi wakionyeshana.

Jambo moja, mjomba. Hapa kila mtu mzima anakumbuka kwamba seremala wa shule, yule aliyetengeneza madawati yote, alikufa siku ile kwenye ngazi. Alivunjika shingo. Nani alimsukuma hakuna aliyewahi kusema. Sasa watu wananiuliza huyo wako aliyeshuka bila kukanyaga kipandio ni nani. Mimi nasema mjomba anapenda mapambo. Nimewajibu vizuri?

Mpwa wako


Getini, Kiwanda cha Unga
9 Machi

Mpwa wangu, mwandishi mkubwa,

Nimefurahi kusikia mna afya. Mimi nimeongezeka kilo kwa furaha. Kile kijitabu ulichonitumia nimekionyesha hapa kwa kila dereva wa lori, na mmoja ameomba nikitie sahihi.

Lakini umeniudhi kidogo. Mapambo? Mimi nipambe? Basi nakuandikia bila kuficha, mkuu achape toleo la pili, na picha yangu mbele.

Ndiyo, ni seremala. Alisimama kwenye kipandio cha juu kabisa na nyundo mkononi, akasema hakuna dawati litakaloshuka. Mtu mzima mwenye mikono kama mapipa. Watu wangu walirudi nyuma. Mimi nikaweka madawati yangu chini taratibu, nikajifuta jasho, nikapanda. Akanipiga nyundo hapa, juu ya sikio, na sikusikia kitu kwa sababu hasira ilikuwa imejaa masikio yote mawili. Nikamkamata kola ya shati, nikaizungusha mara mbili kwenye ngumi mpaka uso ukawa wa zambarau. Akanirukia shingoni, tukabiringishana ukutani, damu yake machoni kwangu, yangu kinywani kwake. Mwisho nikamwinua hivi, kama gunia la kilo tisini, nikamwambia, "Fundi, nenda kawatengenezee madawati wa chini." Nikamwachia. Alipiga kichwa kwenye kona ya kipandio cha mwisho, ukasikika mlio kama wa nazi.

Baada ya hapo madawati yalishuka yenyewe. Bila mkono huu, mpwa wangu, ungekuwa unafundisha historia kwa mbuzi.

Msalimie dada. Mwambie alete picha ile niliyovaa suti ya kuazima, ndiyo inayonipendeza.

Mjomba wako,
mshindi wa ngazi


Nyumbani
20 Machi

Shikamoo mjomba,

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Mama hakulala vizuri, na nitakueleza kwa nini. Usinijibu tena kwa anwani ya shule. Barua zote zinazokuja shuleni hufunguliwa na mkuu kwanza, ni utaratibu wake, na hii yako ya mwisho alivyoifungua alicheka akaibandika kwenye ubao wa matangazo kabla mimi sijafika kazini. Nilipoiona ilikuwa imeshasomwa na shule nzima.

Bucha unamjua? Yule mwenye duka la nyama kule Juu, mpole, anayeongeza kipande juu ya mzani bila kuombwa. Yeye ni mtoto wa yule seremala. Alikuwa anasoma darasa la pili baba yake alipokufa. Jana alikuja darasani kwangu na gamboti na aproni ya kazini, damu ya ng'ombe haijakauka, barua yako ameibandua ubaoni ameishika kwa ncha za vidole asiichafue.

Akaniuliza, "Mwalimu, huyu ni nani kwako?"

Nikasema mjomba.

"Mjomba wa heshima tu, au wa damu?"

"Kaka wa mama yangu, tumbo moja."

Akaikunja barua, akaiweka kifuani ndani ya aproni. Akasema yeye hataki kesi wala polisi. Anataka uje, usimame mbele yake, umwonyeshe ulivyomshika. Alikuwa anaongea polepole, kama mtu anayeagiza mzigo. Mlangoni akageuka akasema mama yake alikufa akiuliza swali moja tu, nani, na yeye amemjibu mama huyo akiwa tayari kaburini, kwa sababu ya ubao wa matangazo.

Mjomba, nakuuliza mimi, mtoto wa dada yako. Ni kweli? Sitaki hadithi ya mabega. Neno moja linatosha.

Mpwa wako


Getini
29 Machi

Mpwa wangu,

Salamu. Goti linauma sana wiki hii. Dada asile chumvi.

Mwambie huyo mkata nyama kwamba mimi siitwi, mimi ndiye ninayeita. Nimesimamia geti hili miaka yote na hakuna aliyewahi kulivuka kwa nguvu. Wezi wa magunia wakisikia ninavyokohoa wanajipeleka polisi wenyewe. Yeye amezoea nyama isiyojibu. Hii inajibu.

Swali lako ni la kitoto. Mtu haulizwi mara mbili jambo aliloandika kwa wino.

Ndani ya bahasha nimeweka ukurasa mwingine, ni wa Cheche. Mpe asome ajue ametoka tumbo gani, na akipenda aende akamsomee huyo Bucha mbele ya wateja wake. Akishasikia nilivyomwandika atafunga duka ahamie kwenye mboga. Watu wa namna hiyo ukiwaonyesha mgongo wanapanda, ukiwaonyesha kifua wanashuka.

Nina kazi nyingi. Mkurugenzi ananipigia honi.

Mjomba wenu


Hospitali
15 Aprili

Shikamoo mjomba,

Sijui kama u mzima, natumaini u mzima. Sisi hatuko wazima.

Ukurasa wako niliuficha chini ya godoro. Cheche aliutafuta akaupata, kwa sababu mama alimwambia kuna barua yake. Akaenda nao Juu, peke yake, jioni watu wamejaa dukani kwa Bucha wananunua nyama. Akasimama katikati akausoma kwa sauti, wote, mpaka pale ulipoandika kwamba seremala alilia akaita mama kabla hujamwachia. Walionisimulia wanasema Bucha alimsubiri amalize. Hata mteja aliyekuwa anahudumiwa alimpimia kwanza, akamfungia nyama yake, akamrudishia chenji. Kisha akazunguka meza, akamshika Cheche kiganja cha kulia kama anamsalimia, akakilaza juu ya gogo la kukatia, akakipiga kwa mgongo wa panga. Hakutumia makali. Alipiga kama anavyovunja mfupa wa supu, akanyanyua, akapiga tena. Cheche alikuwa anapiga kelele na mdogo wake Bucha amemshikilia kiuno. Wateja walitoka nje wakiwa na nyama zao.

Daktari amekata vidole viwili, kidole gumba na kinachofuata. Vingine vimefungwa vyuma. Ni mkono wa kazi, mjomba. Vyuma vya ngazi ya shule viliishia nusu.

Haikuishia hapo. Vijana wa Bondeni walipanda wakachoma lile duka, na mdogo wake Bucha aliungua uso akiokoa friji. Siku ya pili wa Juu wakashuka na mawe. Dirisha letu hakuna. Mama alipigwa na jiwe hapa kwenye taya akiwa anafunga mlango, sasa anakula kwa kijiko. Mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha nne alikatwa sikio sokoni kwa sababu tu anaishi upande wetu. Mkuu wa shule ameng'oa ubao wa matangazo mwenyewe akauficha stoo, kama vile ubao ndio ulioandika.

Sherehe ni tarehe kumi Mei na haiahirishwi, wanasema mgeni rasmi ameshathibitisha. Bucha ametuma neno: atakuwepo mstari wa mbele. Ukija, mtamalizana wawili. Usipokuja, ataondoka na Cheche, na hatatumia mgongo wa panga. Wa Bondeni wamejibu kwamba na wao watakuwepo. Cheche ametoka wodini ametuacha hapa mimi na mama, anasaga ncha za nondo kwa mkono wa kushoto, anazigawa mtaani, na nikimwambia aache ananiambia mjomba angefanya hivihivi.

Sasa nisikilize. Nilienda kwa Bucha. Ndiyo, nilienda, nikamkuta amekaa kwenye majivu ya duka lake. Nilimwomba radhi. Hakunijibu radhi, lakini aliniambia kitu kimoja kinamsumbua. Umeandika ulimshika baba yake kola ya shati. Yeye anakumbuka asubuhi ile alimpelekea chai, na baba yake alikuwa kifua wazi, kama alivyofanya kazi sikuzote. Hakuwa na shati. Bucha anasema labda aliyeua husahau nguo. Mimi nimetembea na jambo hilo toka siku ile mpaka leo.

Sikuulizi tena kama ni kweli. Nakuuliza ulikuwa wapi.

Mpwa wako


Nyumbani
2 Mei

Mjomba,

Salamu zitakuja baadaye. Simu yako imezimwa. Nimepiga kiwandani, wakaniambia upo, unainua nguzo, unashusha nguzo, huongei na mtu.

Zimebaki siku chache. Nondo za Cheche zimeisha, ameanza kunoa vyuma vya vitanda. Mama anataka kwenda yeye akapige magoti kwa Bucha na lile taya lake.

Wewe ambaye hujawahi kunyamaza, mwezi huu ndio umechagua kuanza.

Mpwa wako


Getini, Kiwanda cha Unga
6 Mei

Mpwa wangu, na dada yangu, na Cheche mwanangu, na wote mtakaosikia,

Nawasalimu. Afya yangu si kitu cha kuulizwa leo. Dada, pole ya taya. Cheche, pole haitoshi kwa mkono, siijui inayotosha. Na wewe Bucha, umri unataka wewe uniamkie mimi, lakini ningekuwa mbele yako ningekuamkia mimi kwanza.

Barua hii nimempa dereva wa lori la unga aikabidhi mkononi mwako, mpwa wangu, si kwa mkuu wa shule. Isome kwa kipaza sauti siku ya sherehe, kabla ya mgeni rasmi hajasimama, kabla mtu yeyote hajashika chuma. Isome yote, na usirekebishe nukta. Mimi nitapanda basi la siku inayofuata sherehe. Siji na barua kwa sababu najijua: nikisimama mbele ya watu mdomo utaongeza chumvi, na safari hii haitakiwi hata chembe.

Nimechelewa kujibu si kwa sababu ya kazi. Nimeandika na kuchana. Kila nikianza kusimulia siku ile najikuta katikati ya ukurasa nimeshashinda.

Bucha, baba yako nilimwona mara moja siku ile, asubuhi, kabla ya fujo. Alikuwa kifua wazi, vumbi la mbao limeganda kwenye jasho. Kuna dawati moja alikuwa anapiga msasa, pembeni, pale mwanafunzi anapoweka kiwiko. Dawati lenyewe lilikuwa linaondoka na yeye anajua linaondoka. Nilimpita, nikamsabahi, akaitika bila kuinua kichwa. Hayo ndiyo yote niliyowahi kuwa nayo na baba yako. Sikumgusa. Sikumshika kola, sikumwinua, hakuita mama. Nyundo hakuwa nayo, ninavyojua mimi. Yale niliyaandika kwa sababu kijitabu kilichapwa, na madereva walikuwa wanasikiliza.

Mimi nilikuja kubeba madawati kwa ujira kama vibarua wengine. Nilikuwa nimebeba moja, nusu yake, mwenzangu kashika nusu ya pili. Jiwe la kwanza lilipomfikia mtu mdomoni na meno yakaruka, niliachia upande wangu, likamwangukia mwenzangu mguuni, nikakimbia. Sikukimbilia nje kwa sababu nje ndiko yalikotoka mawe. Nilikimbilia vyoo vya wasichana, chini, mwisho wa ukumbi. Kule juu ukutani kulikuwa na kidirisha cha hewa. Nikapanda ukingo wa sinki, nikapitisha kichwa, nikapitisha mikono na mabega. Makalio yakakataa.

Mnisamehe wenye watoto hapo mbele. Nilikwama. Kichwa nje kinatazama shimo la takataka, miguu ndani inatafuta sinki ambalo lilishang'oka. Fremu ilikuwa na misumari miwili, kila nikijitikisa inaingia. Nilikaa hivyo vita vyote. Kila kitu nilichowaandikia, mwenye msumari begani, mwalimu na kidole, gari la afisa, nilisimuliwa baadaye na watu waliokuwa na macho upande wa ndani. Mimi niliona maganda ya viazi.

Lakini masikio hayakukwama, na hili, Bucha, ndilo langu la kukupa, dogo kama lilivyo. Nilimsikia baba yako kwenye ngazi, juu ya kichwa changu kabisa. Alisema, "Yawekeni chini taratibu, mnayavunja." Hakusema msiyachukue. Alisema mnayavunja. Kisha nikasikia miguu mingi pamoja, inapanda na inashuka kwa wakati mmoja, watu wanasukumana hakuna mwenye kauli. Kisha kitu kikaanguka, kikagonga, kikagonga, kikatulia. Nikadhani ni dawati. Wallahi nilidhani ni dawati, na nikasema moyoni, lile limevunjika. Ndipo mwanamke akapiga ukelele.

Mkono gani uliomsukuma, sijui. Kama kulikuwa na mkono au ni msongamano tu, sijui. Ningejua ningekuandikia hapa, na uso wangu ungekuwa umebaki na kitu. Umevunja mkono wa kijana kwa ajili ya mtu ambaye hakuwa kwenye ngazi. Cheche, umemkosea Bucha na wafu wake kwa ajili ya mtu huyohuyo. Anayestahili kupigwa atashuka kwenye basi.

Mnaweza kusema nimeandika haya kujiokoa. Basi muulizeni yule mama aliyekuwa mpishi wa shule, najua yu hai, anauza mkaa nyuma ya soko. Yeye ndiye aliyenikuta, polisi wameshatawanya watu. Alinipaka mafuta ya kupikia kiuno kizima, akanivuta kwa miguu, suruali ikabaki kwenye misumari. Nikaenda nyumbani nimevaa aproni yake, inayofunika mbele tu. Alinipa neno lake kwamba hatamwambia mtu, na ninaona ameliheshimu mpaka leo. Mwambieni nimemfungua.

Wengi mnadhani nilihama mjini kwa sababu polisi walikuwa wananisaka kwa ushujaa wa siku ile. Ni mimi niliyesema hivyo. Hakuna polisi aliyeniulizia. Nilihama kwa sababu kila nikipita jikoni kwa shule, hata kama nimevaa suruali mpya, yule mama alikuwa ananiangalia kiunoni, anaweka mwiko chini, anacheka.

Mjomba wenu